Duara Dogo la Baire



Miaka kadhaa iliyopita mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia kwamba aina zote za mwendelezo wa fanksheni tunazozichunguza wanahisabati zimezaliwa na mkasi: mtu huchukua fasili ya kawaida, hukata sharti moja, hukipa kilichobaki jina, kisha huandika makala. Usingizi ulinipaa usiku ule. Leo namjibu.

Fasili ya kawaida mnaijua, na nafasi za metriki tunazo tangu Fréchet, mwaka 1906. Nachukua aina moja tu: mwendelezo kwasi. Fanksheni f inao kwenye nukta p iwapo ndani ya kila duara linaloizunguka p, na kwa kila kiwango cha kosa utakachotaja, mna duara jingine ambalo nukta zake zote hutoa thamani zisizopishana na f(p) kupita kiwango hicho. Duara hilo la ndani si lazima liwe na p yenyewe. Hapo mwenzangu husema: si mmekata?

Hatukukata. Fungueni tasnifu ya René Baire ya mwaka 1899. Baire hakuwa akilegeza fasili ya mtu. Alikuwa na swali. Fanksheni ya vigeu viwili yenye mwendelezo kwa x ukiishika y, na kwa y ukiishika x, hubaki na nini vigeu vyote viwili vinapoachiwa? Chukueni xy/(x²+y²), pamoja na 0 kwenye chanzo. Juu ya mihimili thamani ni 0. Juu ya mstari y = x ni ½, hadi mlangoni pa chanzo. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu aliandika ubaoni kwamba haina mwendelezo, akafuta, akaendelea na mengine. Nilihisi kuna kitu kimefutwa pamoja na chaki.

Tazameni kipande kilicho kati ya mhimili wa x na mstari y = x/10, kuliani mwa chanzo. Humo thamani haifiki 0.1. Wekeni 1000 mahali pa 10, haitafika 0.001. Kipande hicho husogea karibu na chanzo kadiri mpendavyo, na daima kina maduara ndani yake; basi mwendelezo kwasi upo kwenye chanzo. Baire alithibitisha kwamba ndivyo ilivyo kwa kila fanksheni ya namna hiyo, kwenye kila nukta, na kwa uungwana akaeleza kuwa wazo lilitoka kwa Vito Volterra. Sina kurasa za hisabati nilizozirudia mara nyingi kuliko hizo.

Mapato ya mwendelezo kwasi ni makubwa: ukiwepo kwenye kila nukta, thamani zikiwa katika nafasi ya metriki, na nafasi tunayoanzia ikiwa metriki kamili, hakuna duara lisilo na nukta zenye mwendelezo wa kweli. Jina lilikuja baadaye, kwa Kempisty, mwaka 1932. Wazo lilifanya kazi miaka 33 bila jina.

Nakiri, zipo fasili za mkasi. Wahariri wa majarida wamenipa nyingi nizitathmini, na baadhi nimezikataa. Hata hivyo naamini kila aina ya mwendelezo iliyodumu ilizaliwa na swali, na kwamba hii inastahili darasa la mwaka wa pili.

Walimu wenzangu, mkiufikia mfano ule, choreni kwanza kile kipande, ndipo mfute ubao.