Mzazi Anapomkosea Mtoto

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wazazi na walezi wengi huliona gumu, nalo ni kumwomba mtoto msamaha.

Tuchukue mfano. Noti ya shilingi 200 haionekani. Mama anamshuku mtoto wake wa miaka 8, anamwita mwizi mbele ya wenzake na kumchapa. Jioni anaikuta noti hiyo imefungwa katika pindo la leso yake mwenyewe. Afanye nini? Wengi wetu humpakulia mtoto nyama zaidi, kisha tukanyamaza. Mtoto atakula, lakini jina la mwizi bado analo.

Msamaha wa kweli una hatua nne.

Kwanza, tulia, uketi karibu naye mtazamane.

Pili, taja kosa lenyewe: "Nilikuita mwizi na kukuchapa, na hukuchukua pesa. Nimekosa, nisamehe." Usiongeze, "Lakini nawe ni mtundu." Hapo umemrudishia lawama.

Tatu, mwache aseme alivyoumia. Usimkatize.

Nne, rekebisha ulichoharibu. Ulimwaibisha mbele ya wenzake, basi waambie hao hao kwamba hakuiba.

Usimlazimishe kuchangamka papo hapo. Mtoto mwenye hofu anaweza kujitenga, kukojoa kitandani au kulalamika kwamba tumbo linamuuma. Mvumilie. Ataanza kukuamini siku kitu kingine kitakapopotea, akuone ukiuliza kwanza bila kushika fimbo.

Ikiwa aliumia kichwani, naye anatapika au analala kupita kawaida, mpeleke kituo cha afya mara moja na ueleze ukweli.

Wako wanaosema mzazi akiomba msamaha atadharauliwa. Sivyo. Watoto hujifunza kwa kuiga. Akikuona ukikiri kosa, naye akivunja sahani atakuja kukuambia badala ya kuficha vipande.

Kumbuka pia kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 53, inamlinda kila mtoto dhidi ya ukatili wa aina zote. Ukiona hasira inakushinda mara kwa mara, zungumza na mhudumu wa afya, au piga simu ya watoto, nambari 116. Haitozwi pesa, na hupokewa usiku na mchana.

Ni hayo kwa leo. Kwaheri hadi wiki ijayo.