Maji ya Chai, Kijiji Kilichonilea

Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wazee wa jumuiya yetu katika maadhimisho ya hekalu, Elerai, Arusha



Nimeombwa niseme machache juu ya nilikotoka. Wengi wenu mnanifahamu kama mzee wa hapa mjini, lakini mimi ni mtoto wa kijiji. Nimezaliwa na kulelewa Maji ya Chai, kando ya barabara iendayo Moshi, chini ya Mlima Meru. Kijiji kile kilipewa jina na mto wake, ambao maji yake ni ya kahawia mithili ya chai isiyotiwa maziwa. Sisi wa huko hatuhitaji kitambulisho. Tukitabasamu tu, meno yetu yamekwisha kusema.

Babu yangu alizaliwa Saurashtra, karibu na Porbandar. Alivuka bahari akiwa kijana, akateremka Mombasa, kisha akasafiri kwa gari moshi kupitia Voi na Moshi hadi Arusha, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1929. Aliandika hesabu katika duka la mtu wa kwao, na alipojikusanyia akiba kidogo akaenda kufungua duka lake kijijini. Chumba cha mbele kilikuwa cha biashara, cha nyuma cha kuishi. Katika kona ya jiko palikuwa na rafu yenye picha ya Krishna na taa ya samli. Hilo ndilo lililokuwa hekalu letu.

Kwa Kigujarati babu mzaa baba huitwa Dada. Basi wenzangu wa Kimeru walivunjika mbavu kila waliponisikia nikimwita mzee mwenye masharubu yale, "Dada! Dada!" Bibi tulimwita Ba. Nilishinda mashambani na wenzangu, tukichunga mbuzi wao na kupanda mipera yao, na mara nyingi nilikula loshoro nyumbani kwao. Niliporudi jioni Ba aliuliza jambo moja tu: kama chakula kile kilikuwa na nyama.

Duka lilinukia mafuta ya taa, sabuni na majani ya chai. Tuliuza chumvi, kaniki, viberiti na magadi, na daftari la mikopo lilining'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta. Sitaki kuipamba historia. Wako waliosema kwamba mizani ya wenye maduka huelemea upande mmoja, nami siwezi kusimama mahali patakatifu nikaapa kwamba hakuna aliyewahi kupunjwa. Jambo ninaloweza kulisema kwa hakika ni lile la tangi.

Paa la duka letu lilikuwa la bati, na Dada alikuwa amejenga tangi la kukinga maji ya mvua. Mwaka mmoja wa ukame alilifunga kwa kufuli. Nilikuwa sijatimiza miaka mitano. Sehemu ya habari hii niliiona, sehemu nimesimuliwa na Ba. Bibi mmoja wa Kimeru, mteja wetu wa miaka mingi, alikuja na debe akaikuta ile kufuli. Ndugu zangu, mnakumbuka kwamba mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu huko Engare Nanyuki, ardhi yao ikagawiwa walowezi, hata Kirilo Japhet akaenda New York mwaka 1952 kuwatetea mbele ya Umoja wa Mataifa. Bibi yule alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Alimtazama Dada akamwambia, "Mzee, Wazungu walitufungia ardhi. Na wewe unatufungia mvua?"

Dada hakujibu. Ba ndiye aliyekwenda ndani akaleta ufunguo. Alimkumbusha mumewe kwamba kwao Gujarat kuna desturi iitwayo parab, ya kuweka mitungi ya maji kando ya njia ili kila mpita njia anywe bila kuulizwa jina wala kabila. Dada alinuna siku mbili, akatabiri kwamba tangi litakauka kabla ya masika. Na kweli lilikauka. Tangu mwaka ule, kila kiangazi maji yetu yaliisha mapema, nasi tukashika ndoo kwenda mtoni pamoja na wenzetu. Hivyo ndivyo nilivyoyapata meno haya.

Hatukujua wakati ule kwamba miamba ya volkano ya Meru hutia floraidi nyingi katika maji ya chemchemi na mito, wala kwamba floraidi hiyo huharibu meno ya watoto na, ikizidi sana, hupinda mifupa yao. Hata magadi tuliyouza yaliongeza madhara hayo. Maji ya mvua, yale yaliyokuwa chini ya kufuli, ndiyo yaliyokuwa salama. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Laiti Dada angelijua, je, angeishikilia kufuli yake kwa ajili yetu wajukuu? Na Ba angelijua, je, angeufungua mlango? Nilimuuliza Ba katika uzee wake. Alisema angelifungua, kisha akalia, maana ni meno yangu aliyokuwa akiyatazama.

Mwaka 1976 maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa kwa amri ili kupisha maduka ya ushirika, nasi tukahamia mjini. Baadhi ya wadeni walitufuata kwa basi, wakalipa kwa fedha au kwa mkungu wa ndizi. Wengine hawakuja, na Dada hakuwafuata.

Ndugu zangu, hekalu letu leo lina paa kubwa kuliko la duka lile, na tangi letu hujaa kila masika. Lakini bomba lake liko ndani ya ukuta. Ombi langu kwa kamati, katika siku hii ya furaha, ni moja: litolewe bomba la pili upande wa nje, penye barabara, nalo lisiwekewe kufuli. Mtaniambia kwamba maji yataisha mapema. Najua yataisha. Yakiisha, tutachukua ndoo pamoja na majirani zetu, kama tulivyofanya zamani.