Uso wa Kiongozi Ukutani
Mhadhara wa umma, Birere, Goma

Nimeombwa nizungumze juu ya picha za viongozi zinazotunzwa katika makumbusho. Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema mpate kunipima kwayo. Picha ya kiongozi bila maneno ya aliyeichora na aliyeitundika ni nusu ya ushahidi. Makumbusho mengi yametunza nusu hiyo tu.

Tuanze na Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Aliimiliki Kongo tangu 1885 hadi 1908, na hakuikanyaga hata siku moja. Baada ya kifo chake alisimamishiwa sanamu mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, amepanda farasi, ndevu zimeshuka kifuani. Zama za Rais Mobutu ikaondolewa. Februari 2005 serikali iliirudisha katikati ya Kinshasa, lakini kabla wengi hawajaiona ikashushwa tena. Siku hizi imehifadhiwa Mlima Ngaliema.

Ndevu hizohizo zilikuwa zimeshawapa wachora katuni kazi. Novemba 1906, jarida la Punch la London lilichapa mchoro wa Edward Linley Sambourne. Kichwa ni cha Leopold. Kiwiliwili ni nyoka wa mpira aliyemzonga Mkongo, na nyuma mama anakimbia na mtoto wake. Ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza, juu ya mateso ya wavunaji mpira Kongo ilikuwa imetoka miaka miwili kabla, kwa hiyo msomaji wa London alielewa papo hapo. Katuni ile ilisema kweli, tena kwa ukali unaostahili. Hata hivyo mtazameni yule mtu aliyezongwa: hana jina, wala hana la kusema zaidi ya kuumia. Sanamu ilimtukuza mfalme, katuni ikamfedhehesha, na katika zote mbili Mkongo hakuulizwa anaonaje.

Mobutu alikuja na ufundi wake. Kofia ya ngozi ya chui, miwani, fimbo: alama hizo alijichagulia mwenyewe, akazieneza kwenye noti, ofisini na kwenye televisheni. Tarehe 24 Aprili 1990 alipotangaza mwisho wa chama kimoja, wachora katuni wa magazeti ya Kinshasa walikuta nusu ya kazi imeshafanywa. Chora kofia na fimbo, kila mtu anajua ni nani. Anayejitengenezea sura ya kutukuzwa huwa amewawekea tayari watakaomcheka.

Sasa niwapeleke Lubumbashi, kwa Tshibumba Kanda-Matulu. Alizaliwa 1947, akawa mchoraji wa kuuza picha nyumba kwa nyumba. Wateja wake walikuwa wafanyakazi wa migodi, makarani, watu wenye sebule ndogo na ukuta mmoja wa kupamba. Alijiita mwanahistoria, na mara nyingi aliandika juu ya picha yenyewe maneno ya kuieleza. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya 100 za historia ya nchi kwa ajili ya Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha huko. Leo zimo katika makumbusho ya Amsterdam yaliyojulikana kwa miaka mingi kama Tropenmuseum.

Nikae kidogo kwenye picha moja. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi, amelala chini amekufa, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa naye Katanga tarehe 17 Januari 1961. Nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Damu imetiririka ubavuni mwa Lumumba, na ardhini imeandika neno umoja kwa Kifaransa. Tukiishia hapo tungesema: mchoraji ametia chumvi. Lakini Fabian alikaa naye na kinasa sauti, wakazungumza picha baada ya picha kwa Kiswahili cha Katanga. Tshibumba akaeleza kwamba alimwona Lumumba kuwa Yesu wa nchi hii, aliyekufa kati ya wawili. Ndipo tunapojua kwamba misalaba ile si pambo. Ni hukumu ya mwanahistoria, ameitoa kwa brashi, katika nchi ambayo Mobutu alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa huku watu wakikumbuka ni nani aliyemkamata.

Kwa maoni yangu, kilicho adimu zaidi Amsterdam ni mazungumzo yale. Turubai za namna hiyo zilikuwa nyingi. Maelezo ya mchoraji kwa lugha aliyoifikiria ni machache mno.

Na sisi Goma? Tarehe 17 Januari 2002, tarehe ileile aliyouawa Lumumba, lava ya volkano ya Nyiragongo ilikata katikati ya mji hadi ziwani. Maelfu ya nyumba zilizikwa, na vilivyotundikwa ukutani vikazikwa navyo. Vita vimetuhamisha mara ngapi tangu hapo, kila mmoja wenu anajua. Anayekimbia hubeba mtoto, godoro na sufuria, picha hubaki.

Tusisubiri jengo. Kinshasa ilipata Makumbusho ya Taifa mapya mwaka 2019, nasi tunafurahi, lakini kutoka hapa hadi kule ni safari ya ndege. Simu zipo mifukoni mwenu. Wanafunzi, ingieni kwenye saluni, kwenye vibanda vya wachora mabango, kwenye sebule za bibi zenu. Pigeni picha ya kilicho ukutani, kisha rekodini majibu ya maswali matatu: nani alikichora, nani alikinunua, na kwa nini hakijashushwa hadi leo. Majibu yaachwe kwa Kiswahili chao, yasisafishwe. Na mkikuta msumari ambao picha yake imeondolewa, ulizeni vilevile ilikuwa ya nani, na aliyeishusha alimwogopa nani.

Sasa ni zamu yenu ya maswali.