Kituo cha Wazee Hakijengwi kwa Harambee Moja



Nimeombwa nizungumzie tuwafanyie nini wazee wetu nyumbani. Naomba nianzie hapa hapa Toronto, barabara ya Bathurst, mahali ambapo wengi wetu tunapita na basi bila hata kugeuza shingo. Pale pana Baycrest. Leo ni hospitali, ni makazi ya wazee, ni kituo cha utafiti, na ni mahali wanapofundishwa madaktari na wauguzi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto. Lakini mwaka 1918 ilikuwa nyumba moja tu mtaa wa Cecil, iliyoanzishwa na akina mama wa Kiyahudi ili wazee wao wapate pa kuishi na wale chakula cha dini yao. Taasisi ya utafiti wa ubongo, Rotman, ilikuja mwaka 1989. Hesabuni wenyewe: miaka 71.

Kwa nini haikufa? Mimi naona mambo mawili. La kwanza, uongozi unapokezana. Profesa Donald Stuss, mkurugenzi mwanzilishi wa Rotman, aliiongoza kwa takriban miaka ishirini, kisha akakabidhi. Mwaka 2011 alikuwa anaanzisha taasisi nyingine ya ubongo, na Rotman ikaendelea na kazi.

La pili, mafaili yanatunzwa. Mwaka 2007 Ellen Bialystok na wenzake walipitia kumbukumbu za wagonjwa 184 wa kliniki ya Baycrest. Wakakuta kwamba waliozungumza lugha mbili maishani walianza kuonyesha dalili za ugonjwa wa kusahau miaka kama minne baadaye kuliko wenye lugha moja. Bila karani aliyeandika vizuri, tusingejua.

Sasa turudi nyumbani. Kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Bibi akianza kusahau, akizungumza peke yake usiku, tunasema mchawi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita, wakakadiria kwamba asilimia 6.4 wana ugonjwa huo. Ni ugonjwa, ndugu zangu, si uchawi! Kazi ile ilifanywa na wenzetu wa KCMC pamoja na Waingereza wa Newcastle. Mbegu ipo. Sera ya Taifa ya Wazee nayo ipo tangu 2003. Kinachotakiwa ni kituo kinachotibu, kinachochunguza na kinachofundisha, ili muuguzi wa zahanati kijijini aweze kumweleza mwana kwamba mama yake anaumwa.

Najua mtasema tuchange tujenge. Ndugu zangu, jengo si kazi ngumu. Mimi niliwahi kuwa mweka hazina wa kamati moja ya kusaidia wazee. Tulichanga vizuri, tukapiga picha. Nilipohamia mji mwingine, daftari nikaondoka nalo, na kamati ikafa. Hakuna aliyeiba. Hatukupanga nani atashika baada yangu, basi. Kosa hilo ni langu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Tusianze na tofali. Tuanze kwa kusomesha wauguzi wachache huduma ya wazee, kila mwaka, bila kuruka. Akaunti iwe na watia saini watatu, hesabu zikaguliwe na mtu wa nje, na mwenyekiti asizidi vipindi viwili, hata kama tunampenda.

Wengi wetu humu tunalipwa kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Kazi tunaijua. Mama zetu nao wanazeeka.

Naomba kuwasilisha.