Masomo ya Bure na Shilingi Hamsini

Hotuba ya Katibu wa Elimu mbele ya wanachama wa Thika na Ruiru



Nimeombwa niseme juu ya masomo ya video yanayotolewa bure katika intaneti. Najua wengi wenu mmetoka shifti ya usiku, na wengine mwaingia saa nane. Kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo.

Mnamo mwezi uliopita kijana mmoja wa Kihunguro, kibarua wa kupakia mizigo, alikuja ofisini kwetu mkono umefungwa bendeji. Kijana huyu alikuwa amejifundisha kazi ya umeme kwa kutazama video za Wamarekani kila usiku katika simu yake. Nami nilipomwuliza habari za saketi na fyuzi alinijibu vizuri, hata nikaona haya kidogo, maana mimi niliingia darasani miaka miwili. Basi jirani alimwita amtengenezee taa. Nyumba ni ya zamani. Katika video alifundishwa kwamba waya nyeusi ndiyo yenye moto, akajihadhari nayo sana. Ile nyekundu aliishika kwa sababu swichi ilikuwa imezimwa. Ikamtupa chini.

Ndugu zangu, video ile haikusema uongo. Huko Marekani waya nyeusi ndiyo yenye moto na nyeupe ndiyo nyutro. Hapa kwetu katika nyumba za zamani yenye moto ni nyekundu, na nyeusi ni nyutro. Katika nyumba mpya yenye moto ni ya kahawia na nyutro ni ya buluu. Umeme wao wa nyumbani ni volti 120, wetu ni volti 240. Mwalimu alisema kweli kwa watu wake, lakini hakumjua mwanafunzi wake wa Ruiru. Na kijana naye hakuwa na mtu wa kumwambia jambo la kwanza kabisa, yaani zima meni swichi kabla hujagusa kitu.

Wako watakaosema, basi video ni hatari, tuziache. Mimi sisemi hivyo hata kidogo. Kujifundisha bila kukaa darasani si jambo geni kwa chama cha wafanyakazi. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge pale Kilima Mbogo, hapo tu ng'ambo ya Thika, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi. Alipokuwa mkaguzi wa afya Nairobi alisoma kwa posta, masomo yakitoka Afrika Kusini. Kuanzia 1953 alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1955 akaenda Chuo cha Ruskin huko Oxford. Lakini masomo ya posta yalikuwa ya kulipia, na barua ilichukua majuma. Leo somo lafika kwa dakika moja, wala mwalimu hadai hata senti.

Na masomo yenyewe ni mengi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2004 Bwana Salman Khan wa Marekani alianza kumfundisha hesabu binamu yake aliyekaa mji wa mbali. Jamaa wengine wakataka pia, hivyo mwaka 2006 akaanza kuyaweka masomo hayo katika YouTube, kila mtu ayaone. Hicho ndicho kiitwacho Khan Academy. Ukitaka hesabu kutoka kujumlisha hadi zile za chuo kikuu, utazipata bila malipo. Chuo kikuu cha MIT kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitatoa masomo yake bure kwa ulimwengu wote. Kwa watoto, Ubongo wa Dar es Salaam hutoa katuni za hesabu na sayansi kwa Kiswahili safi, na African Storybook ina vitabu vya hadithi vya bure, vya Kiswahili na hata vya Kikuyu. Taasisi yetu ya mitaala, KICD, ina masomo ya shule za Kenya. Ushonaji, uwekaji hesabu, kuchomelea, huduma ya kwanza, yote yapo. Mama mmoja wa kiwanda cha nguo aliniambia amejifunza kurekebisha cherehani ya ovaloki kwa video, na sasa hamngojei makanika huku pisi zake zikipungua.

Hata hivyo neno "bure" lataka kutazamwa vizuri. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya Korona, tuliambiwa watoto watasoma nyumbani kwa redio, televisheni na simu. Nyumba ngapi za Kiandutu zilikuwa na simu ya kumwachia mtoto mchana kutwa? Simu ilikwenda kazini pamoja na baba. Shule hazikufunguka kwa madarasa yote mpaka Januari 2021, na wazazi walio hapa wajua wenyewe ni watoto gani waliosoma katika miezi ile na ni wepi waliocheza. Somo lilikuwa bure, ila bando ilinunuliwa.

Pili, ni saa. Mtu anayesimama kwenye mashine saa kumi na mbili, kisha akapanda matatu mpaka Witeithie, atasoma saa ngapi? Mwanachama wetu mmoja, sitataja kiwanda chake, alikamatwa na msimamizi akitazama video ya kupima presha ya boila, mashine ikiwa imesimama kwa kungoja malighafi. Alipewa barua ya onyo. Tulipokwenda kumtetea tuliambiwa, "Simu ni simu." Barua ile ingali katika faili lake. Nakubali kwamba simu karibu na mashine inayozunguka ni hatari; mimi mwenyewe ningemkataza. Lakini mashine ilikuwa imesimama, na presha ya boila ile ile ndiyo kazi yake.

Tatu, video haitoi cheti. Utajua kazi, lakini kwenye mshahara utabaki kibarua mpaka ufanye mtihani wa ufundi na upate Gredi. Na kwa umeme, sheria yataka fundi awe na leseni ya EPRA.

Hapo sasa ndipo nataka mnisikilize. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani yamtaka mwajiri alipe shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi. Fedha hizo haziruhusiwi kukatwa katika mshahara wako. Ni za mafunzo, na mwajiri anayefundisha watu wake kwa njia iliyokubaliwa na NITA aweza kudai arudishiwe gharama. Kiwanda chenye watu 400 hulipa shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka. Waulizeni wawakilishi wenu: mwaka jana katika kiwanda chenu ni nani aliyepelekwa mafunzoni kwa fedha hizo? Nimeuliza katika viwanda vitatu. Kimoja kilipeleka makarani wawili. Viwili vingine havikujibu.

Kwa hiyo kamati imekubali kwamba katika mapatano yajayo tutadai mambo mawili: chumba chenye intaneti katika kantini, kifunguliwe kabla na baada ya kila shifti, na ada ya mtihani wa ufundi ilipwe na mwajiri kwa kila mwenye kutimiza miaka miwili kazini. Wengine katika kamati walitaka tudai pia saa moja ya kusoma kila juma yenye mshahara. Mimi nilikuwa miongoni mwao, tukashindwa kwa kura.

Lakini hatutangoja mapatano. Kuanzia Jumamosi ijayo, saa nane mchana, ofisi ya tawi itakuwa na video za umeme wa nyumbani zilizokwisha kuhifadhiwa, ili mtu azichukue kwenye simu yake bila kutumia bando. Tumechagua zinazofuata waya na volti za kwetu. Fundi mmoja mwenye leseni, mwanachama wetu, amekubali kukaa nasi saa mbili na kujibu maswali, na ubao wenye waya za rangi zote utakuwapo ukutani. Yule kijana wa Kihunguro amesema atakuja, nasi tumemwomba asimulie mwenyewe habari ya mkono wake.

Nafasi ni 20. Majina yaandikwe kwa karani wa tawi kabla ya Alhamisi. Akina mama wa viwanda vya nguo wanaotaka somo la cherehani waandike katika karatasi ya pili. Wakifika 10 tutaanza Jumamosi itakayofuata. Njooni na simu zilizokwisha pata moto, kwa kuwa ofisini tuna soketi mbili tu, na moja ni ya birika la chai.