Kaneti ya Chanjo Kabla ya Staji: Mada kwa Walimu, Wazazi na Wanafunzi wa Afya wa Likasi



Mwaka wa masomo unapokaribia, mwanafunzi huambiwa alete cheti cha afya. Mara nyingi hukipata siku hiyo hiyo: anapimwa uzito, presha na macho, mhuri unapigwa, anaondoka. Kinga haiji kwa haraka hiyo, na homa ya ini B ndiyo inayotudai muda mrefu zaidi. Dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya mwezi, ya tatu huchomwa mwezi wa sita, kisha baada ya mwezi mmoja au miwili damu hupimwa kuona kama kinga imefikia angalau uniti 10 kwa lita. Kwa hiyo naomba sindano ya kwanza ichomwe mara tu matokeo ya mtihani wa Taifa yakitoka. Anayengoja hadi siku ya kuvaa blauzi nyeupe amechelewa.

Nimeanza na ugonjwa huu kwa sababu ya kinachotokea usiku kwenye wodi ya wazazi. Mwanafunzi amemaliza kumchoma mama sindano, taa ni hafifu, anajaribu kurudisha kifuniko, mkono unateleza, na ncha inapenya glavu mpaka kwenye kidole gumba. Damu ile ikiwa na virusi vya homa ya ini B na yeye hana kinga, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Kwa virusi vya UKIMWI ni karibu asilimia 0.3. Tena virusi vya homa ya ini B huweza kuishi kwenye meza kavu kwa angalau siku 7. Wengi hujibu kwamba walichanjwa utotoni, lakini kabla ya miaka ya 2000 chanjo hii haikuwemo katika ratiba ya watoto wa Kongo. Tusome kaneti, tusitegemee kumbukumbu ya mama.

Surua nayo isidharauliwe: mlipuko ulioanza 2019 uliua zaidi ya watu 6,000 nchini mwetu, wengi wao watoto. Mwanafunzi awe na dozi mbili. Chanjo ya pepopunda ihuishwe; kwa homa ya manjano, dozi moja inatosha maisha yote.

Kuhusu kifua kikuu, Likasi ni mji wa shaba na kobalti, na vijana wetu wengi wanatoka nyumba za wachimbaji. Vumbi la mawe huongeza hatari ya ugonjwa huu. Kipimo cha ngozi peke yake hutuchanganya, maana chanjo ya BCG ya utotoni huweza kukifanya kitoe jibu chanya. Kwanza tumwulize mwanafunzi: unakohoa zaidi ya wiki mbili? Unatoka jasho usiku? Umekonda? Akisema ndiyo, makohozi yake yaende maabara. Akikutwa mgonjwa, atibiwe, na nafasi yake shuleni imngoje.

Hapo ndipo ninaposimama kwa nguvu zote. Kipimo ni cha kumlinda kijana, hakipaswi kumfungia mlango. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Aliyekutwa na homa ya ini B naye apewe matibabu na ushauri, aendelee kusoma, na majibu yake yasibandikwe ukutani wala kupita mikononi mwa makarani.

Sasa turudi kwenye ajali ile ya usiku wodini: sindano ikishachoma, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni bila kukikamua. Chanjo ya homa ya ini B itolewe ndani ya saa 24 ikiwezekana, na dawa za kuzuia UKIMWI zianze haraka, zisipite saa 72. Kila shule ichague msimamizi wa kupigiwa simu usiku, na namba yake ibandikwe kwenye wodi kabla mwanafunzi wa kwanza hajaanza zamu.