Mwiba na Vidonge



Asubuhi hii twataka kusema nanyi juu ya ugonjwa usioonekana kwa macho. Umo ndani ya uti wa mgongo, katika ule mshipa mkuu wa fahamu upelekao habari toka kichwani hata miguuni. Nyumbani kwetu aliyeugua ni mchungaji, lakini anayeamka usiku kumgeuza ni mama watoto. Kwa hiyo tunasema "sisi".

Ulianza Jumapili moja tukivaa kanzu. Miguu ilikufa ganzi, kisha kiuno kikabanwa kana kwamba mtu amekaza mshipi. Kufikia jioni hatukuweza kusimama wala kukojoa. Tunalitaja hilo bila haya, maana wako wanaokaa kimya kwa ajili ya hilo tu. Madaktari walipiga picha, wakaona mshipa umevimba. Wakatueleza kwamba askari wa mwili, waliowekwa kupigana na maradhi, walikuwa wamegeuka kumpiga mwenye nyumba.

Tulipewa steroidi, siku tano kwa mshipani, kisha vidonge kwa miezi mingi. Dawa za ukoo huu zilianza kujaribiwa Marekani mwaka 1948 kwa wagonjwa wa baridi yabisi, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ni dawa yenye nguvu, nayo hudai malipo yake. Usingizi hupaa. Njaa huja saa nane za usiku, ukatafuta ugali uliobaki. Sukari yaweza kupanda na mifupa kudhoofika. Uso nao huvimba ukawa mviringo, hata washarika wakatuambia, "Mchungaji, umenenepa, mambo ni mazuri!" Tulicheka nao. Tungefanyaje?

Ndipo akaja ndugu mmoja, mtu mwenye bidii ya kuomba. Alituwekea mikono, akasema kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kumshuku Mungu. Sisi tuliosoma chuo cha theolojia tukamsikiliza! Tuliweka kopo juu ya kabati. Siku ya nne tulitapika, kichwa kikazunguka, nguvu zikatuishia. Mama watoto hakungoja shauri la mtu. Alitafuta gari usiku ule ule.

Daktari alitufundisha jambo ambalo tungalipaswa kuuliza mapema. Juu ya figo ziko tezi mbili ndogo ambazo kwa kawaida hutengeneza kitu kama dawa hiyo. Mtu akimeza vidonge kwa majuma mengi, tezi zile hulala, kwa kuwa kazi inafanywa na mwingine. Ukiacha ghafula, hakuna anayefanya kazi, na mtu aweza kufa. Hapana budi vipunguzwe kidogo kidogo, kwa kipimo cha daktari, hata tezi ziamke.

Tulisoma tena habari za Hezekia. Mungu alikwisha kuahidi kumponya, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Hakuna aliyemwambia mfalme aziondoe ili kuonyesha imani. Paulo naye aliomba mara tatu juu ya mwiba wake, na mwiba ukabaki. Sisi tumeomba zaidi ya mara tatu, twakiri, na siku nyingine tumeomba kwa hasira.

Sasa twatembea kwa fimbo. Ngazi za madhabahu ni tatu, na mzee mmoja wa kanisa hutushika kiwiko bila kuambiwa. Vidonge vimefika kimoja kwa siku, baada ya uji.

Nawe unayetusikiliza, kama umeyaficha makopo yako juma hili kwa sababu ya maombi, twakusihi uende hospitali leo, hata kabla ya ibada. Waambie ni siku gani uliacha, usipunguze hata moja. Nasi tutakuombea ukiwa njiani.